Gari la Tabora: lami imefika, tope limehamia mwisho wa safari

Anayetafuta gari jipya la porini mjini Tabora bado anaulizwa swali lile lile aliloulizwa baba yake: Land Cruiser au Land Rover? Magari yenyewe yamebadilika, ni kweli, lakini kilicholichosha swali hilo ni barabara. Miaka ishirini iliyopita, aliyetoka Tabora kwenda Itigi, Sikonge au Mpanda wakati wa masika alijiandaa kupambana tangu anapowasha gari mpaka anapozima. Leo lami inakwenda Nzega, inakwenda Itigi kupitia Nyahua, inakwenda Urambo, na upande wa kusini inapita Sikonge, inavuka Koga na kuendelea hadi Mpanda. Mabasi ya abiria yanapita kwa ratiba mahali ambapo malori yalikuwa yakilala siku kadhaa yakisubiri maji yapungue.

Tope halijakwisha, limehama. Sasa linakungoja pale unapoiacha lami na kuingia njia ya kijijini: kwenye mashamba ya tumbaku, kwenye zahanati, kwenye kambi za warina asali, kwenye vivuko vya mito inayomwaga maji yake Ugalla. Safari ya kilomita 120 inaweza kuwa na 90 za lami na 30 za vumbi au udongo, na katika hizo 30 ziko mbili au tatu ambazo ndizo zinazoamua kama utafika au utalala njiani. Msimamo wangu ni kwamba gari lichaguliwe kwa kuanzia hapo: kwenye kilomita hizo mbili tatu na mzigo utakaokuwa nao ukizifikia, kisha kwenye gereji iliyo karibu nazo. Jina la gari lije mwisho. Wengi huanza na jina, na matokeo yake tunayaona mjini: magari yenye nguvu kupita kazi yanayopewa, na mengine ya bei kubwa yaliyoegeshwa uani mwaka wa pili sasa yakisubiri kifaa kimoja kutoka Dar es Salaam.

Njia ya kutoka pwani kuja bara kupitia Tabora ina historia ndefu ya kuwaumbua watu waliochagua chombo kabla ya kuijua njia. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alitoka Saadani na ng'ombe wachache mpaka Mpwapwa, akarudi na habari njema kwamba magari ya kukokotwa yangeweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Mwaka uliofuata msafara wenyewe ukaondoka, sasa ukiwa na magari mazito na ng'ombe wengi, lengo likiwa Ujiji. Mbung'o wakawashambulia ng'ombe, vichaka na makorongo yakaukwamisha mwendo, na mwishowe mizigo ikarudi mabegani mwa watu. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akajaribu tembo: wanne waliozoeshwa kazi waliletwa kwa meli kutoka India, wakashushwa Msasani na kuelekezwa bara. Ni mmoja tu aliyefika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika.

Ng'ombe hao na tembo hao hawakuwa dhaifu. Tembo mmoja alibeba mzigo ambao ungehitaji watu wengi. Kilichowashinda ni kwamba njia haikuweza kuwalisha wala kuwatibu. Wapagazi wa Kinyamwezi, kwa upande wao, waliondoka baada ya mavuno, ardhi ikiwa imekauka. Kila mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Na chakula chao kilinunuliwa vijijini njiani. Walikuwa watu na si vyombo, waliodai ujira, waliogoma, walioumwa na wengine kufia porini, na haifai kuusahau msiba huo. Lakini utaratibu waliouunda una mambo matatu ambayo mnunuzi wa leo hawezi kuyakwepa: msimu, uzito wa mzigo, na huduma iliyoko njiani.

Urambo, kilomita chini ya mia moja kutoka Tabora mjini, ilipata somo hilo kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Tanganyika, na Urambo ikawa moja ya sehemu tatu za mpango huo pamoja na Kongwa na Nachingwea. Matrekta yalihitajika haraka, na mapya hayakupatikana, kwa hiyo yalinunuliwa yaliyokwisha kutumiwa na jeshi, mengine yakiwa yameachwa Ufilipino baada ya Vita vya Pili. Vifaru vya Sherman navyo viligeuzwa kuwa matrekta na kupewa jina la Shervick. Mashine zilipofika zilikuta visiki vigumu, udongo uliokauka kama saruji, spea haba na mafundi wasiotosha, zikaanza kusimama moja baada ya nyingine. Mpango ukafutwa mwaka 1951. Aliyenunua nguvu za farasi bila kununua spea hakununua kitu.

Turudi kwenye ardhi yenyewe, maana hapa ndipo magari yanapotofautiana kweli. Mkoa wa Tabora una sakafu za aina tatu zinazosumbua, na hazitaki gari la aina moja.

Ya kwanza ni mbuga, tambarare za udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi udongo huo unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Mvua ya Desemba ikiunyeshea, unakuwa uji mzito unaonata. Mtu asiyewahi kukwama mbugani hudhani tatizo ni kina cha tope. Mara nyingi tope halizidi nusu ya tairi. Linachofanya ni kujishikiza kwenye tairi, mzunguko mmoja baada ya mwingine, mpaka meno ya tairi yanapotea kabisa na gurudumu linabaki laini kotekote. Kisha linajazana juu, kati ya tairi na madigadi, na kukauka kidogo kwa joto, mpaka gurudumu lenyewe linashindwa kuzunguka hata injini ikiunguruma vipi. Hapo dereva anashuka na panga, anapiga magoti na kuanza kuchokoa udongo kipande kwa kipande, gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Anasogea mita hamsini na kuanza upya. Kwenye mazingira hayo kinachosaidia ni gari jepesi, nafasi kubwa juu ya tairi, na tairi zenye meno yaliyoachana. Nguvu za injini hazina kazi kubwa. Na winchi, ambayo wengi huilipia fedha nyingi, mbugani hukosa mahali pa kufungwa, kwa sababu mbuga haina miti. Utachimba shimo na kuzika tairi la akiba ili upate pa kushikia.

Sakafu ya pili ni mchanga wa kijivu wa kwenye miombo, ambao kiangazi unakuwa tifutifu. Huu unapitika kwa karibu gari lolote la kuvuta magurudumu manne ikiwa dereva ana moyo wa kupunguza upepo kwenye tairi na ana pampu ya kuurudisha. Adui mkubwa wa miombo ni visiki. Mti uliokatwa kwa shoka unabaki na ncha iliyochongoka, imejificha kwenye majani, na unatoboa ubavu wa tairi, mahali ambapo kiraka hakishiki. Ya tatu ni makorongo: mtelemko mfupi mkali, maji au mchanga chini, na mpando mkali. Hapo kinachohesabiwa ni umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma, na jinsi pua na mkia wa gari vinavyotokeza.

Tukiwa na picha hiyo, tuyatazame magari.

Land Cruiser ya kizazi cha 70, ile ya Hardtop na pikapu zake, ilianza kuuzwa mwaka 1984 na umbo lake halijabadilika sana. Heshima yake Afrika ya Mashariki imejengwa na injini ya 1HZ iliyotoka mwaka 1990: lita 4.2, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, bila turbo, na pampu ya mafuta inayoendeshwa kimashine. Nguvu zake ni kama farasi 130, ambazo kwa gari linalozidi tani mbili si nyingi. Lakini zinapatikana injini ikizunguka taratibu, na hilo ndilo linalotakiwa kwenye tope. Tenki la pikapu linabeba lita 130. Springi za nyuma, vile vyuma bapa vilivyopangwa, zinavumilia mzigo na zinabadilishwa na fundi wa kawaida. Kwa hospitali, kwa askari wa wanyamapori, kwa anayelala siku nne mbali na mji akiwa na watu kumi na mzigo juu ya keria, sijaona mbadala wake wa kweli.

Nje ya kazi hiyo, nina mashaka nayo. Ni nzito, kwa hiyo mbugani inazama mapema kuliko inavyodhaniwa. Ikiwa tupu inarusha abiria mpaka wanaumwa mgongo. Na lami imeleta hatari ambayo zamani haikufikiriwa: Hardtop ndefu yenye viti vya kuelekeana ubavuni, abiria bila mikanda, mafuta na mahema juu ya keria, sasa inaendeshwa kasi ya kilomita 110 kwa saa. Barabara mbovu ilikuwa inamlazimisha dereva kwenda polepole. Anayenunua gari la aina hii leo aanze kwa kuuliza habari za breki za kuzuia tairi zisigande, mifuko ya hewa na mikanda kwa kila kiti, kabla hajauliza habari za mkonga wa kuvutia hewa. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu wanaopanda nyuma ya magari haya mara nyingi ni wauguzi na akina mama wajawazito.

Liko pia suala la matoleo. Kuanzia mwaka 2007 yalitoka ya injini ya V8 ya lita 4.5, na ili injini ienee, sehemu ya mbele ilitanuliwa. Matokeo yake tairi za nyuma za magari hayo hazifuati njia ya tairi za mbele. Kwenye njia yenye mifereji iliyochimbwa na malori ya tumbaku, tairi la mbele linaweka mkondo na la nyuma linachimba mkondo mwingine. Tangu mwishoni mwa 2023 kuna toleo la injini ya lita 2.8 yenye silinda nne na turbo: linavuta zaidi ya 1HZ na linakunywa kidogo, ila linataka mafuta safi, jambo nitakalolirudia.

Kundi la pili ni pikapu za dabo kebini: Toyota Hilux, Ford Ranger, Isuzu D-Max ambayo inaunganishwa Nairobi, Nissan na ndugu zake. Kwa mtazamo wangu hili ndilo kundi ambalo lami imelipandisha cheo. Linabeba karibu tani moja, linashika barabara vizuri, na matoleo mengi mapya yana difu ya nyuma inayofungwa na gia nzito za ziada. Tuchukue hesabu nyepesi. Tuseme Land Cruiser ya 1HZ yenye mzigo inakunywa lita 14 kwa kilomita 100, na dabo kebini ya kisasa lita 10. Gari likitembea kilomita 25,000 kwa mwaka, tofauti ni lita 1,000 za dizeli. Kwa bei kikomo ambazo EWURA, mdhibiti wa nishati, huzitangaza kila mwezi, hiyo ni fedha inayosaidia sana kulipia tairi na matengenezo ya kawaida ya mwaka.

Udhaifu wake uko kwenye urefu. Kati ya tairi za mbele na za nyuma kuna zaidi ya mita tatu, kwa hiyo kwenye ukingo wa korongo tumbo linagusa chini na mkia unakwaruza. Udhaifu wa pili unaletwa na wamiliki wenyewe. Karibu kisanduku chote cha dabo kebini kiko juu ya ekseli na nyuma yake. Ukikipakia magunia mpaka juu, kisha ukavuta tela, kisha ukaruka matuta ya njia ya kijijini, chesisi inapinda nyuma ya kebini. Ukikuta pikapu ya mtumba ambayo uwazi kati ya kebini na kisanduku ni mpana juu kuliko chini, usijadili bei. Ondoka. Anayebeba mzigo zaidi ya watu achukue yenye kebini moja: kisanduku kinakuwa kirefu, mzigo unakaa katikati, na bei inashuka.

Land Rover ina nafasi ya pekee mioyoni mwa watu wa umri fulani. Ilizinduliwa mwaka 1948, na kwa miongo mingi misheni, mapori ya akiba na ofisi za wilaya za magharibi hazikujua gari jingine. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha lake na mamia ya magari hayo yakajipanga barabarani, jambo linaloonyesha kwamba spea na mafundi wake hawajaisha nchini. Ila wengi wao wako kaskazini, kwenye utalii. Defender ya zamani iliacha kutengenezwa Solihull, Uingereza, Januari 2016, kwa hiyo anayeitaka anaingia kwenye soko la mtumba. Ikiwa na injini ya 300 Tdi, kwa mtu mwenye fundi wake wa kudumu, bado ni gari la porini lililo jepesi kuliko linavyoonekana, kwa kuwa bodi ni ya aluminiamu. Defender mpya, inayotengenezwa Slovakia, ni gari tofauti kabisa. Inavuka maji ya kina cha sentimita 90 na kwenye lami haina kelele. Lakini springi zake za upepo na mifumo yake ya kompyuta zinahitaji gereji maalumu, na kutoka Tabora gereji hiyo ni safari ya mamia ya kilomita juu ya gari la kuvutwa. Kwa mkazi wa hapa siishauri.

Gari linalodharauliwa isivyostahili ni Suzuki Jimny. Toleo la mwaka 2018 lina injini ya petroli ya lita 1.5, nguvu za farasi 102, chesisi kamili ya chini, gia nzito za ziada, na uzito wa kama kilo 1,100 tu. Nusu ya uzito wa Land Cruiser! Kwenye mbuga tofauti hiyo ni kubwa kuliko kifungio chochote cha difu, na likikwama, vijana wanne wanalinyanyua upande mmoja na kutandika matawi. Kwenye korongo ufupi wake unalivusha mahali ambapo pikapu inagusa. Vikwazo viko wazi: tenki la lita 40, nafasi ya watu wawili na mizigo au wanne bila mizigo, na kwenye lami ndefu linachosha. Mwaka 2023 ilitangazwa India yenye milango mitano, ambayo inaongeza nafasi kidogo na kupunguza kidogo ule ufupi uliokuwa faida. Afisa ugani, padri mwenye vigango saba, muuguzi wa chanjo, mfugaji nyuki anayekagua mizinga: hawa ndio wenye gari hili, na wengi wao wanazunguka na RAV4 isiyo na gia nzito, wakidhani magurudumu manne yanatosha.

Prado na Pajero zilizotumika Japani sitazichambua kwa urefu. Ni magari mazuri ya familia inayopita njia mbovu mara moja moja. Neno moja tu la tahadhari: Prado za dizeli zilizouzwa Japani kuanzia 2015 zina chujio la moshi na zinatumia maji ya urea ya kusafishia moshi. Zimetengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Kiwango cha Afrika Mashariki tangu 2015 ni 50. Chujio linaziba, taa zinawaka, na Tabora urea hiyo si bidhaa ya kila duka.

Hapo tumefika kwenye mafuta. Siku moja kwenye gereji ya Tabora nilimwona fundi akifungua filta ya dizeli ya pikapu iliyokuja ikivutwa kutoka upande wa Kaliua. Aliimimina kwenye kopo la plastiki lililokatwa juu, akaliweka kwenye tofali, akasema tusubiri. Baada ya dakika chache vitu vikajitenga: juu dizeli ya rangi ya asali, chini maji, na kati yake utando mwembamba wa kutu. Dereva alikuwa amejaza mafuta ya kwenye madumu kijijini, kwa kuwa kituo cha karibu kilikuwa nyuma sana. Injini za kisasa zinasukuma dizeli kwa shinikizo linalozidi bar 1,500 kupitia nozeli zenye matundu ambayo jicho huyaona kwa shida. Tone la maji lililopita pale limekula nozeli, na nozeli nne za gari lile zilikuwa na bei ya pikipiki mbili. Injini ya 1HZ ingekohoa, ingetoa moshi, ingefika.

Watu wengi huchukua mfano kama huo na kuhitimisha kwamba magari mapya hayafai kwetu. Mimi nauchukua vingine. Filta ya pili yenye kikombe cha kutenganisha maji, ikifungwa kabla ya ile ya kiwandani, ni kazi ya fundi wa kawaida na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na nozeli moja. Anayenunua dabo kebini kwa ajili ya Kaliua au Sikonge aihesabu filta hiyo kama sehemu ya bei ya gari, pamoja na madumu yake mwenyewe yaliyojazwa mjini. Asiyeweza kujilazimisha nidhamu hiyo, au ambaye gari lake linaendeshwa na madereva wanaobadilishana kila mwezi, anunue injini ya zamani. Tabia ya mwenye gari ni kigezo sawa na kina cha tope.

Kuhusu kodi, hesabu iko hivi. Gari la abiria lenye injini inayozidi cc 2,000, lililofika bandarini kwa thamani ya shilingi milioni 100, linalipa ushuru wa forodha wa asilimia 25, linakuwa 125. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 unalifikisha 137.5. Juu ya hiyo inakaa VAT ya asilimia 18, na jumla inapita milioni 162, bado tozo ndogondogo na usajili. Injini iliyo kati ya cc 1,000 na 2,000 inatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, kwa hiyo Jimny inapata nafuu mara mbili, kwa bei yake na kwa injini yake. Magari ya miaka minane na zaidi yanaongezewa ushuru wa uchakavu, na hapo ndipo hesabu ya mtumba wa bei poa inapowaangusha wengi.

Ipo njia ya minada ya mashirika. Magari mengi ya misaada yanayozunguka Kigoma na Tabora yaliletwa bila kodi, yametunzwa kwa ratiba, na yana daftari la matengenezo. Yakiuzwa yanavutia, na baadhi ni mazuri kweli. Muulize mwuzaji kwanza kama kodi iliyosamehewa imelipwa, kwa maana msamaha ni wa shirika, na gari likihamia kwa asiye na msamaha, serikali inadai chake. Kisha angalia chini, kwenye chesisi na viungo vya ekseli. Gari lililozunguka kambi za wakimbizi kwa miaka minane limekanyaga njia mbovu kila siku ya kazi.

Ipo pia njia ya kutonunua, ambayo uchambuzi wa magari huiruka kana kwamba haipo. Kilomita zako mbaya zikiwa tano, na ukizihitaji siku ishirini kwa mwaka, gari la milioni mia moja na sitini ni jibu zito mno. Gari dogo la kawaida linakufikisha mwisho wa lami, na pikipiki ya kijiji inakumalizia. Pikipiki za Kichina na za Kihindi zimefanya magharibi kile ambacho injini za lita nne hazikukifanya: zinapita kwenye ukingo mkavu wa upana wa futi moja pembeni ya tope, na spea zake zinauzwa kila senta. Kwa mzigo, trekta la kukodi lenye tela linavuka mbuga ambayo pikapu haigusi. Baadhi ya wanunuzi wa asali wamepanga kazi yao kama wazee wa misafara walivyopanga yao: wanakusanya msimu mkavu, na masika wanakaa mjini kuuza.

Kwa chama cha msingi cha tumbaku chenye wanachama vijiji sita, nusu ya njia ikiwa lami, ningenunua pikapu ya kebini moja, yenye difu ya kufunga, filta ya pili, na tairi mbili za akiba badala ya moja, kwa sababu ya visiki. Kwa zahanati inayopeleka wagonjwa usiku masika yote, Land Cruiser, lakini yenye viti vya kuelekea mbele na mkanda kwa kila mmoja, hata kama watu wanaokaa watapungua wawili. Kwa afisa mmoja na begi lake, Jimny. Na kabla ya yeyote kusaini, gari la majaribio lipelekwe Februari kwenye ile kilomita yenyewe, likiwa na magunia yale yale litakayoyabeba Machi na Aprili. Roger Price alijaribu njia yake kwa ng'ombe wachache, na mwaka uliofuata msafara mzima ukalipa. Mwuzaji anayekubali kuzunguka nawe mjini Tabora tu, kwenye lami, gari likiwa tupu, hajakuonyesha bado gari unalotaka kununua.